Kabla Hujairiseti Simu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Riseti Inayofaa

Mdogo wangu alikuwa na simu iliyokuwa ikizimika yenyewe. Chaji ikishuka hadi asilimia 30 hivi, akigusa tu kamera, kioo kinageuka cheusi. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaigeuzageuza mkononi, akasema dawa yake ni kuiriseti, na baada ya dakika chache simu ikarudi tupu kama siku ilipotolewa kwenye boksi. Humo ndani mlikuwa na jumbe za sauti za mama yetu, zile alizokuwa akitutumia alfajiri kutuuliza tumeamkaje, na mama alikwisha kufariki. Hazikuwa zimehifadhiwa pengine popote. Jioni ile ile mdogo wangu akafungua kamera, na simu ikazimika. Kumbe ni betri ndiyo iliyochoka.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "nimeshauriwa niiriseti simu", huwa namuuliza: riseti ipi? Neno hilo moja tumelibebesha mambo mengi yasiyofanana hata kidogo. Ipo riseti isiyofuta chochote. Ipo inayofuta manenosiri ya Wi-Fi basi. Na ipo inayofuta kila ulichonacho, ambayo ukishaithibitisha huna pa kurudi. Nitazipanga kuanzia nyepesi hadi nzito. Nakusihi uzifuate kwa mpangilio huo, maana simu nyingi hupona kabla hujafika mwisho.

Kwanza jua ugonjwa uko wapi

Riseti hutibu mfumo na programu. Haitibu vyuma. Kwa hiyo kabla hujabonyeza chochote, tafuta ishara za kifaa chenyewe kuharibika.

Simu inayozimika wakati chaji bado ipo, hasa unapofungua kamera au mchezo mzito, mshuku betri kwanza. Betri ya lithiamu inapozeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka. Simu ikidai umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka na simu inajizima. Hakuna mpangilio wowote wa kubadilisha hilo. Kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio ya betri uangalie afya yake. Ikiwa imeshuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo, ni ya kubadilishwa. Na kama mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka au kioo kinasukumwa juu, betri imevimba: izime simu, usiichaji, usiibonyeze, ipeleke ikatolewe.

Kioo kisichoitikia mguso sehemu fulani kina jaribio rahisi ninalolipenda. Shika alama ya programu yoyote kwenye ukurasa wa mwanzo, iburute polepole huku na huko mpaka upite kila pembe ya kioo bila kuinua kidole. Ikidondoka mahali pale pale kila unapopita, kioo kina sehemu iliyokufa. Ikiwa leo inadondoka juu na kesho chini, huenda ni mfumo. Kwenye simu nyingi za Samsung ukiandika *#0*# sehemu ya kupigia simu, unafunguka ukurasa wa kujaribu kioo, spika na kamera.

Simu isiyoshika chaja, chungulia tundu lake kwa tochi. Mara nyingi kuna vumbi na nyuzi za nguo zilizoshindiliwa. Zima simu, zitoe taratibu kwa kijiti cha mbao, usitumie sindano.

Ishara za ugonjwa wa mfumo ni nyingine: tatizo limeanza baada ya kusasisha au kusakinisha kitu, linatokea ndani ya programu moja tu, linakuja na kuondoka, au linapotea kwa muda ukizima na kuwasha. Hapo ndipo riseti ina kazi.

Jambo moja la mwisho kabla hatujaanza: angalia nafasi ya hifadhi. Simu iliyojaa pomoni haina pa kuandika mafaili yake ya muda, na dalili zake hufanana kabisa na za simu iliyoharibika. Programu zinajifunga, picha hazihifadhiki, kusasisha kunagoma. Kuna iPhone ambazo hukwama kwenye alama ya tufaha kwa sababu hiyo hiyo. Hamisha video chache kubwa, futa usivyovihitaji, acha nafasi ya gigabaiti kadhaa, kisha itazame upya.

Zima, washa, ikigoma, ilazimishe

Kuzima kioo siyo kuzima simu. Watu wengi hukaa miezi bila kuizima kabisa, huku kumbukumbu ya muda ikijaa mabaki ya programu zilizokwama. Ukiizima na kuiwasha, kumbukumbu hiyo inasafishwa na hakuna faili lako linaloguswa. Fanya hivyo kwanza kwa tatizo lolote: joto lisiloeleweka, sauti iliyopotea, mtandao uliokatika.

Ikiwa kioo kimeganda na hakiitikii kabisa, kuna kuwasha upya kwa kulazimisha. Nako hakufuti data.

Kwa iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza kitufe cha kuongeza sauti na ukiachie mara moja, bonyeza cha kupunguza sauti na ukiachie mara moja, kisha shikilia kitufe cha pembeni. Kioo kitakuwa cheusi. Endelea kushikilia mpaka tufaha litokee. Hapa wengi hukosea kwa kuviminya vyote pamoja au kuachia mapema. iPhone 7 hushikiliwa kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia. Za kabla yake, kitufe cha mwanzo pamoja na cha kuwashia.

Kwa Samsung, shikilia cha kupunguza sauti na cha kuwashia kwa pamoja, kama sekunde 10. Kwa Pixel, simu za Google, shikilia cha kuwashia mpaka sekunde 30. Simu nyingine nyingi za Android hukubali mojawapo ya njia hizo mbili.

Kama simu inaonekana imekufa kabisa, ichaji kwanza kwa nusu saa kwa chaja na waya unaojua ni vizima, halafu ujaribu tena. Betri iliyokauka hadi mwisho huchukua muda kabla ya kuonyesha uhai.

Mkorofi akiwa programu moja

Kwenye Android, fungua Mipangilio, ingia kwenye programu, chagua ile inayosumbua, kisha fungua sehemu ya hifadhi. Utakutana na vitufe viwili vilivyokaa jirani, na tofauti yake ni kubwa sana.

"Futa akiba" huondoa mafaili ya muda ambayo programu itayatengeneza tena yenyewe. Haina madhara. Ibonyeze bila hofu.

"Futa data" huirudisha programu ilivyokuwa siku ya kusakinishwa. Utatolewa kwenye akaunti, na chochote kilichohifadhiwa ndani ya programu hiyo pekee kinakwenda. Kwa kivinjari au programu ya ramani, si tatizo kubwa. Kwa programu ya jumbe au ya kuandika kumbukumbu, hakikisha kwanza kuna nakala rudufu (backup), yaani nakala ya vitu vyako iliyowekwa pengine.

iPhone haina kitufe cha akiba, ila kwenye orodha ya hifadhi ina njia ya kuiondoa programu huku nyaraka na data zake zikibaki. Iondoe kwa njia hiyo, kisha uisakinishe tena.

Kabla hujaihukumu simu yako, jiulize pia kama tatizo ni lako peke yako. Mwezi Machi 2021, watumiaji wa Android sehemu mbalimbali za dunia waliona programu zao, hata ya barua pepe, zikijifunga kila wanapozifungua. Chanzo kilikuwa sehemu moja ndogo ya mfumo iitwayo WebView iliyosasishwa vibaya, na tiba ilikuwa kusasisha sehemu hiyo pamoja na Chrome. Aliyefuta simu yake yote siku ile alijitaabisha kwa jambo la dakika mbili. Kwa hiyo programu nyingi zikianza kuanguka siku moja, sasisha kila kitu kwanza, na uwaulize wenzako.

Hujui ni programu ipi? Android ina hali salama, ambayo huwasha simu na programu zake za asili tu na kuzilaza zote ulizosakinisha wewe. Kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka menyu itokee, kisha unaweka kidole kwenye "Zima" bila kukiondoa mpaka uulizwe kama unataka hali salama. Piga picha ya ukurasa wako wa mwanzo kabla, kwa sababu wijeti ulizopanga zinaweza kuondoka. Itumie simu hivyo kwa saa moja au mbili. Ikitulia, mkosaji ni programu uliyoileta mwenyewe. Toka kwenye hali salama kwa kuzima na kuwasha, kisha ondoa programu moja moja ukianzia na ya karibuni, na kila ukiondoa moja, ijaribu simu. Ikiendelea kusumbua hata ndani ya hali salama, programu zako hazina hatia. Endelea mbele.

Mtandao peke yake

Wi-Fi inashika lakini kurasa hazifunguki, Bluetooth haioni kifaa ilichokuwa ikikiona jana, laini inasoma huku data haitembei. Kwa haya ipo riseti ya mipangilio ya mtandao, na ndiyo riseti ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Kwenye Android nyingi iko chini ya mfumo, kwenye chaguo za kuweka upya. Kwenye Samsung iko chini ya usimamizi wa jumla. Kwenye iPhone, nenda mwisho kabisa wa mipangilio ya jumla, mahali pa kuhamisha au kuweka upya.

Itafuta manenosiri ya Wi-Fi, vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha, na mipangilio ya VPN kwenye iPhone. Picha, jumbe na programu haziguswi. Andika manenosiri ya Wi-Fi pembeni kabla. Soma pia kila mstari wa ukurasa huo, kwa sababu kwenye simu zenye eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, kuna chaguo la kuifuta, na ukiifuta itabidi uiombe tena kwa kampuni ya simu.

Kabla ya hatua hii, jaribu simu nyingine kwenye Wi-Fi ile ile, na hakiki tarehe ya simu yako. Tarehe ikiwa imekosewa, tovuti salama zinakataa kufunguka, na utadhani mtandao umekufa.

Mipangilio yote, bila kufuta vitu vyako

Riseti hii inafaa pale simu imekuwa ya ajabuajabu na hukumbuki ulibadilisha nini: arifa haziingii, mwanga wa kioo unajiendea, kibodi imevurugika. Hurudisha mipangilio mahali pake pa mwanzo na kuacha picha, jumbe na programu. Kwenye iPhone itaondoa pia kadi za Apple Pay na kupanga upya alama za ukurasa wa mwanzo. Itakugharimu nusu saa ya kuipanga simu upya, si zaidi.

Imekwama kwenye nembo

Simu inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka tena. Hapo mtu hupaniki, na hapo ndipo picha nyingi zimepotea bila sababu.

Kwa iPhone, iunganishe na kompyuta kwa waya. Kwenye Mac yenye macOS Catalina au ya baadaye tumia Finder. Kwenye Windows tumia iTunes au programu ya Apple Devices. Fanya ule mfuatano wa vitufe wa kuwasha kwa kulazimisha, ila safari hii tufaha likitokea usiachie. Subiri mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Kompyuta itakupa chaguo mbili: "Update" na "Restore". Chagua "Update". Hiyo inasakinisha mfumo upya na kuacha vitu vyako. "Restore" inafuta vyote. Upakuaji ukizidi dakika 15, simu inatoka yenyewe kwenye hali hiyo, usidhani imeshindikana. Acha kompyuta imalize kupakua, kisha rudia vitufe.

Kwa Android, izime, kisha shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti mpaka ifunguke menyu ya matengenezo iitwayo "recovery". Samsung nyingi za karibuni zinataka ziwe zimechomekwa kwenye kompyuta kwa waya ndipo zikubali. Pixel hutumia cha kupunguza sauti, halafu unachagua "Recovery mode". Ukiona roboti amelala na maneno "No command", shikilia cha kuwashia na ubonyeze cha kuongeza sauti mara moja. Baadhi ya simu zina mstari wa "Wipe cache partition", ambao hauondoi vitu vyako, na unafaa kujaribiwa baada ya kusasisha mfumo. Lakini karibu yake kabisa pamekaa "Wipe data/factory reset". Unatembea kwenye orodha hiyo kwa vitufe vya sauti, na kioo hakiitikii vidole. Soma mstari ulioangaziwa mara mbili kabla ya kubonyeza.

Ukiwa kwenye menyu hiyo, tazama kitu kimoja zaidi. Iache simu hapo kwa dakika kadhaa. Android yenyewe haijawaka, programu zako zote zimelala. Ikiwa simu inazimika hata hapo, ugonjwa uko kwenye vyuma, na kufuta hakutasaidia.

Kufuta kila kitu

Sasa tumefika. Kurudisha simu ilivyotoka kiwandani ni sahihi kama hatua zote za juu zimeshindwa, au kama simu imeingiliwa na programu hasidi isiyong'oka. Hata hapo si kila kitu hutoka: xHelper, programu hasidi ya Android iliyogunduliwa mwaka 2019, ilijulikana kwa kurudi hata baada ya simu kufutwa. Lakini nyingi huondoka.

Lazima uelewe kwamba simu za kisasa huhifadhi data kwa kuifunga kwa ufunguo, na riseti hii huuharibu ufunguo huo. Anayekuuzia programu ya kurudisha picha baada ya simu kufutwa hivi anakudanganya. Kilichokuwa ndani ya simu peke yake kimekwenda.

Kwa hiyo jitayarishe hivi, bila haraka.

Usiiamini nakala rudufu kwa kuwa umeambiwa "imewashwa". Fungua ukurasa wake usome tarehe na ukubwa. Kisha shika simu ya mtu mwingine au kompyuta, ingia kwenye akaunti yako ya picha, tafuta picha uliyopiga wiki hii, uifungue mpaka ijae kioo. Ukiiona pale, imetoka kweli kwenye simu yako. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15 kwa Google na 5 kwa iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na zikijaa, nakala husimama kimyakimya.

WhatsApp ina mpango wake. Kwenye Android nakala inakwenda kwenye akaunti ya Google ukiiruhusu. Ile inayotengenezwa usiku ndani ya simu itafutwa pamoja na simu, labda uwe umeitoa na kuiweka pengine. Kama nakala yako imefungwa kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64, utafute sasa. Ukiupoteza, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Bonyeza kutengeneza nakala mpya na usubiri imalize.

Programu zinazotoa tarakimu za kuthibitisha unapoingia kwenye akaunti ndizo husahaulika zaidi. Zihamishie kwenye kifaa kingine, au andika misimbo ya akiba kwenye karatasi. Folda Salama ya Samsung (Secure Folder), ile ya kufichia vitu vya siri, nayo haiingii kwenye nakala ya kawaida, toa vilivyomo. Kadi ya kumbukumbu ichomoe, ila kama uliifunga kwa usimbaji (encryption) ndani ya simu hiyo, ondoa usimbaji kwanza, maana baada ya simu kufutwa kadi haitasomeka tena.

Halafu akaunti. Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na iPhone tangu iOS 7 ya mwaka 2013, zina kinga dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa nguvu, inadai akaunti ya mwenyewe kabla ya kuwaka. Wapo wamiliki halali waliofungiwa nje ya simu zao kwa sababu hii. Jaribu kuingia kwenye akaunti yako kupitia kifaa kingine. Ukilazimika kubadilisha nenosiri la Google, ngoja saa 24 ndipo ufute.

Simu ikiwa inawaka, ifute kupitia mipangilio, si kwa vitufe: kwenye iPhone ni "Erase All Content and Settings", kwenye Android ni kufuta data yote chini ya chaguo za kuweka upya. Ukiulizwa kuhusu eSIM, ibakize. Chaji iwe ya kutosha, na simu ibaki kwenye waya mpaka ikusalimie upya.

Ikishawaka, usirudishe vitu vyako palepale. Iwashe tupu, iunganishe na Wi-Fi, ukae nayo nusu siku ukifanya yale yaliyokuwa yakiishinda: piga simu, fungua kamera, cheza video. Ikiwa imetulia, rudisha picha na majina, kisha sakinisha programu chache kila siku, ile uliyoishuku ikiwa ya mwisho. Tatizo likirudi, unajua limeingia na nani.

Na ikiwa inasumbua ingali tupu, ipeleke kwa fundi na umwambie neno kwa neno: "Nimeshaifuta yote, haina hata programu moja ya kwangu, na bado inafanya hivi." Atajua aanze kwa kuifungua na kupima betri, kioo na ubao wake.